Sanamu ya Askari pale Posta sio ya Vita ya Kagera

Jamani hii ya kusema Sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe, Dar, ni ya wanajeshi wetu waliompiga Idi Amin, naiona kila mwaka na inaumiza, maana watu inayowakumbuka wanazidi kusahaulika. Vita ya Kagera ni 1978 mpaka 1979, na ile sanamu ilizinduliwa 1927, Waingereza ndo walioiweka. Na ya uhuru pia sio, ule mnara wa Mwenge wa Uhuru uko Mnazi Mmoja.

Kabla yake hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza walivyouteka mji 1916 wakaing'oa. Baadae wakaweka huyu askari Mwafrika na bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Ni kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, na Nairobi na Mombasa nao wana za kwao za vita hiyohiyo.

Kinachonigusa zaidi ni yale maandishi chini, yapo ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, hayataji askari tu, yanawataja na wapagazi, yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hawa walibeba risasi na chakula kichwani porini huko, wengi walilazimishwa, wakafa makumi kwa maelfu, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Ukipita pale simama uyasome.