Usikubali Kukanyagwa Mgongo: Maswali Tunayoulizwa na Wagonjwa wa Tanga

Uti wa mgongo ni nini?
Ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili. Zinazocheza ni 24: shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5. Karibu zote zimetenganishwa na diski, yaani kimto kidogo kati ya pingili na pingili, chenye ute katikati na nyuzi ngumu pembeni. Nyuma ya diski hupita mishipa ya fahamu, pamoja na ile ya miguu, kibofu na njia ya haja kubwa.

Mbona kiuno changu hakizunguki kama shingo? Kimekaza?
Hakijakaza, ndivyo kilivyoumbwa. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili za kiunoni vinakuruhusu kuinama na kujinyoosha, lakini ukijizungusha vinagusana na kuzuia. Pingili moja ya kiunoni huzunguka juu ya mwenzake digrii kama 2 tu. Kifuani, mbavu zinazuia. Shingoni, karibu nusu ya mzunguko wote hutokea kati ya pingili ya 1 na ya 2. Ukiinama sana, ligamenti za nyuma, yaani kano zinazofunga mfupa na mfupa, ndizo breki. Ukijipinda nyuma, ni ligamenti ndefu ya mbele na mifupa ya nyuma kukutana. Breki hizo zipo kukulinda.

Basi fundi wa kunyoosha mgongo akininyoosha, si anazilegeza breki hizo?
Hapana. Hili tunaliona kila mara. Mtu ameinua gunia huku amejipinda, mgongo umekamata. Nyumbani analazwa kifudifudi mkekani, mtoto anapanda mgongoni. Akija fundi, anashika bega na nyonga, anampindua kwa nguvu mpaka palie "kwa!" Mlio ule ni wa gesi ndani ya kiungo, hakuna pingili iliyorudi mahali pake. Diski iliyokwisha chanika inaweza kumwaga ute zaidi na kubana mishipa ya fahamu. Na kinyozi anayekupindua shingo mpaka ilie baada ya kukunyoa, mkatalie: mshipa wa damu uendao ubongoni unaweza kuchanika, ukapata kiharusi.

Lakini jirani yangu alikanyagwa akapona.
Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Huenda jirani angepona hata bila kukanyagwa.

Mguu unakufa ganzi. Nikandwe kwanza?
Usikandwe. Nenda ukapimwe. Tena, ukiona ganzi makalioni au sehemu za siri, mkojo unagoma au unatoka bila wewe kujua, choo hakizuiliki, au mguu unakosa nguvu na wayo unaburuzika, nenda hospitali leo hii. Usiku pia, nenda. Si baada ya soko, si baada ya kuchua kwa mafuta ya nazi siku tatu. Mishipa ya fahamu ikibanwa muda mrefu, hata upasuaji unaweza usirudishe mkojo wala nguvu za mguu. Akina baba, najua mnaona haya kutaja makalio na mkojo. Tajeni, tena mlangoni, kabla hata hamjakaa foleni.

Na kama hakuna dalili hizo?
Tembea polepole ndani ya nyumba, usijilaze siku nzima. Dawa ya maumivu umuulize mhudumu wa zahanati, hasa kama una vidonda vya tumbo au una mimba. Ukiinua ndoo, isogeze karibu na mwili, kunja magoti, na ukitaka kugeuka, geuza miguu, siyo kiuno. Wavuvi, mkisukuma ngalawa, mwombeni mwenzenu mwingine awasaidie.