"Wanafunzi Hawajali Siasa" na Dhana Nyingine Zinazoua Kampeni Vyuoni

Kamati za wanafunzi wa mrengo wa kushoto huniita niwasaidie kupanga kampeni, na kabla hatujagusa ajenda, katibu hushusha pumzi: "Tatizo, komredi, wanafunzi wa siku hizi hawajali." Wenzake hutikisa vichwa kukubali. Nikiuliza wamezungumza na wangapi, naoneshwa kipeperushi.

Nitaanza na hiyo, kwa sababu ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Dhana: Wanafunzi hawajali

Mwanafunzi ambaye mkopo wake umechelewa anajali. Anayelala na wenzake watatu kwenye chumba cha wawili anajali. Anayefanya kazi usiku apate ada, kisha akakosa kipindi cha asubuhi, anajali sana. Asichojali ni kongamano la Ijumaa jioni kuhusu ubepari mamboleo na mustakabali wa elimu, ambalo tangazo lake limebandikwa Alhamisi. Hata mimi nisingekwenda.

Kinachoitwa kutojali huwa ni mambo matatu yaliyotupwa kapu moja. Yuko ambaye hajaombwa, yuko asiyeamini kwamba kitu chochote kitabadilika, na yuko anayeogopa. Ambaye hajaombwa, muombe ana kwa ana, kwa jina lake, jambo moja dogo lenye tarehe. Asiyeamini hamhitaji msemaji; anahitaji kuona ushindi mdogo, kama maktaba kuongezwa saa za usiku au faini ya bweni kufutwa. Anayeogopa usimwambie asiogope, maana sababu anazo: ufadhili husitishwa na majina huandikwa. Mweleze kanuni za nidhamu zinasemaje hasa, atakuwa na nani siku hiyo, na kuna kazi gani isiyomweka mbele ya kamera. Ukiwapa wote watatu hotuba moja, utawakosa wote watatu.

Watu hupenda kusimulia jinsi wanafunzi wanne weusi wa chuo cha North Carolina A&T walivyoketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu huko Greensboro, Marekani, tarehe 1 Februari 1960, na cheche ikasambaa miji mingine. Ni kweli. Lakini huko Nashville, ulikofika mgomo huo wa kuketi mwezi uleule, wanafunzi walikuwa wamekwisha kufanya mazoezi kwa miezi chini ya James Lawson, mkufunzi wa mapambano yasiyo ya vurugu: mmoja anajifanya mteja mwenye hasira, mwingine anatukanwa na kusukumwa bila kujibu. Kufika Mei, kaunta za katikati ya mji zilianza kuwahudumia watu weusi. Aprili, Ella Baker, mwanaharakati wa haki za watu weusi, aliwakusanya wanafunzi wa miji mbalimbali kwenye Chuo Kikuu cha Shaw, na hapo ikazaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kuratibu mapambano hayo yasiyo ya vurugu. Ukianza kuhesabu siku ya kaunta tu, utaona muujiza, kisha utawalaumu wanafunzi wako kwa kushindwa kufanya muujiza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Québec, Kanada. Serikali ya jimbo ilipanga kupandisha ada ya mwaka kwa dola 1,625 ndani ya miaka mitano. Mgomo ulianza Februari 2012, lakini haukutangazwa na viongozi watano kwenye mtandao. Wanafunzi waliupigia kura idara kwa idara, kwenye mikutano mikuu yao, na waliokuwa chini ya muungano wa CLASSE walirudi kwenye mikutano hiyo kuamua kama waendelee. Nyuma ya kura hizo kulikuwa na kazi kubwa ya kugawa vipeperushi mkononi, kuzungumza madarasani na kujibu maswali ya wasiokubali. Uchaguzi wa Septemba ulikiondoa chama tawala madarakani, na serikali mpya ikafuta nyongeza hiyo. Wangapi kati ya wanafunzi wale walikuwa wanaitwa wasiojali mwaka mmoja kabla?

Ushauri wangu haubadiliki, na najua unawachosha vijana: tengenezeni orodha ya karatasi. Grupu la WhatsApp lenye mamia ya namba si orodha. Orodha ina jina, idara, bweni, nani alizungumza naye, anasumbuliwa na nini, na alifanya nini mara ya mwisho alipoombwa. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani, kwa kuwa maneno ya "niko nanyi" hayahesabiki. (Orodha hiyo ifungiwe, isipigwe picha. Kuna vyuo ambako ingependwa sana na watu wasiofaa.)

Kisha kaa na mtu nusu saa. Usianze na Marx. Muulize nini kinamkera, ameshajaribu kufanya nini, na nani mwenye uwezo wa kubadilisha hali hiyo. Nyamaza ajibu. Mkifika mahali amemtaja mwamuzi kwa mdomo wake mwenyewe, muombe kitu: alete wenzake wawili wa chumbani Jumanne. Makada wengi huongea vizuri mno hadi pale pa kuomba, hapo wanaaga. Halafu wanakuja kuniambia wanafunzi hawajali.

Dhana: Tukijaza barabara, tumeshinda

Tarehe 10 Novemba 2010, watu wapatao 50,000 waliandamana London kupinga kupandishwa kwa ada. Tarehe 9 Desemba bunge likaruhusu ada ya hadi pauni 9,000 kwa mwaka, kwa tofauti ya kura 21. Sisemi msiandamane. Maandamano huonesha nguvu mliyokwisha kuijenga, hayaijengi kwa niaba yenu. Kabla ya kuchagua tarehe na njia, kamati ijibu: nani anaamua, anahitaji nini kutoka kwetu, na kesho yake asubuhi tutamnyima nini? Kamati isiyo na jibu la swali la tatu inaandaa matembezi.

Dhana: Lazima kwanza tukubaliane itikadi

Hapana. Miezi sita ya kubishania tamko la msingi imeua vikundi vingi kuliko polisi. Wanafunzi wa USARF, kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967, walikuwa na madarasa yao ya itikadi Jumapili na jarida lao la Cheche, lakini walikuwa pia wakiunga mkono harakati za ukombozi wa Afrika. Kusoma na kufanya vilikwenda pamoja.

Na kwa wale wanaodhani serikali ikijiita ya kijamaa basi wako salama: USARF na Cheche vilipigwa marufuku mwaka 1970, chini ya serikali ya Azimio la Arusha. Waliobaki waliendelea kuandika kwenye jarida la MAJI MAJI, chini ya tawi la vijana wa TANU pale chuoni.

Dhana: Tukichukua serikali ya wanafunzi, kazi imekwisha

Kiti kinawapa bajeti na mlango wa makamu mkuu wa chuo. Muhula ukiisha, vinaondoka. Camila Vallejo aliongoza shirikisho la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chile, FECH, katika mwaka mkubwa wa maandamano wa 2011, na mwisho wa mwaka huohuo alishindwa uchaguzi na Gabriel Boric. Vuguvugu halikufa, na elimu ya juu bila ada kwa familia maskini zaidi ilianza 2016. Ingekuwa inategemea kiti cha mtu mmoja, ingeishia Desemba ile.

Dhana: Wafanyakazi wa chuo si kampeni yetu

Afrika Kusini, Oktoba 2015, wanafunzi waligomea nyongeza ya ada, ambayo Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits) cha Johannesburg kilikuwa kimeipanga iwe asilimia 10.5. Tarehe 23, Rais Zuma alitangaza nyongeza sifuri kwa mwaka 2016. Kinachosahaulika ni kwamba wanafunzi wengi walidai pia wasafishaji na walinzi waache kuajiriwa kupitia makampuni ya nje, na vyuo kadhaa, Wits na Cape Town vikiwemo, vilikubali kuwaajiri moja kwa moja. Kama kamati yenu haijui ni nani anamlipa anayesafisha bweni lenu, na kiasi gani, muulizeni yeye mwenyewe wiki hii.