Mchanga wa sumaku: kuchuma chuma ufukweni

Pitisha sumaku juu ya mchanga mkavu wa ufukweni, kisha igeuze uitazame. Mara nyingi utaikuta imeota ndevu nyeusi: chembe ndogo ndogo zilizosimama wima, moja imeishika nyingine. Hizo ndizo zinazoitwa mchanga wa sumaku, na wapo watu ambao starehe yao ni kuzikusanya, kuzichambua na kuzitia kwenye vichupa, kama wengine wanavyokusanya stempu au makombe ya baharini.

Jina hilo linapotosha kidogo. Anayelisikia hudhani kila chembe ni sumaku. Sivyo: chembe hizi huvutwa na sumaku, lakini zirundike kando ya pini uone kama pini itasogea. Haisogei. Kosa la pili ni kudhani kila mchanga mweusi ni wa aina hii. Ufuko wa Punaluʻu huko Hawaii ni mweusi kama makaa, lakini weusi ule ni vipande vya lava iliyopasuka ilipokutana na bahari. Kwa upande mwingine, mchanga unaoonekana mweupe kabisa unaweza kuwa na chembe za kuvutwa zilizojificha ndani yake. Rangi inakudokeza tu. Kipimo ni sumaku.

Madini yanayosakwa hasa ni magnetiti, ambayo ni oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni (Fe₃O₄). Huzaliwa ndani ya miamba iliyotokana na uji wa volkano na hata ndani ya matale (graniti), kidogo kidogo, hapa chembe na pale chembe. Mwamba ukimomonyoka kwa mvua na jua, mito huyabeba hadi baharini pamoja na kila kilichosagika njiani. Kama mambo yangeishia hapo, tungeokota chembe mojamoja siku nzima. Kinachotuokoa ni uzito. Kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa fukwe nyingi, ina uzito wa mara 2.65 ya maji ya ujazo uleule. Magnetiti ni mara 5.2 hivi.

Sasa tazama wimbi. Linapopanda huja na nguvu na kubeba kila kitu. Linaporudi, sehemu ya maji imekwisha kunywewa na mchanga na nguvu imepungua, hivyo huondoka na chembe nyepesi na kuziacha nzito. Ni kupepeta kulekule kwa ungo, isipokuwa hapa maji yamechukua nafasi ya upepo, na mpepetaji hapumziki usiku wala mchana. Ndiyo maana mistari myeusi huonekana sehemu ya juu ya ufuko, kwenye vitako vya matuta, nyuma ya mawe makubwa na karibu na midomo ya vijito. Wakati mzuri wa kuitafuta ni baada ya dhoruba, au maji ya bamvua yakishapwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaligundui mpaka watumie kioo cha kukuzia: chembe nyeusi karibu kila mara ni ndogo kuliko zile nyeupe zinazolala nazo. Sababu ni kwamba maji hayapangi chembe kwa ukubwa peke yake, wala kwa uzito peke yake. Huzipanga kwa mwendo wa kuzama. Chembe ya kwatzi inahitaji kuwa na kipenyo cha mara moja na nusu au zaidi ya magnetiti ndipo zizame kwa mwendo mmoja na kutua mahali pamoja. Kwa hiyo ukichekecha mchanga kwanza na kutupa zile kubwa, umeshajipunguzia kazi kabla ya kuigusa sumaku.

Bahari inayokusanya ndiyo hiyohiyo inayotawanya. Thomas Edison, aliyepata hataza ya mtambo wa kutenganisha madini kwa sumaku mwaka 1880, aliwahi kuutamani mchanga mweusi wa Long Island, Marekani. Kwa simulizi yake mwenyewe, dhoruba ilikuja ikaufagia wote. Wengine walibahatika zaidi. Huko Japani wafuaji walijenga ufundi mzima wa chuma cha panga juu ya mchanga wa chuma, uliokuwa ukiyeyushwa katika tanuri la udongo liitwalo tatara. New Zealand nayo hadi leo hutengeneza chuma cha pua kutokana na mchanga mweusi wa pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kaskazini.

Turudi kwenye kichupa chetu. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, starehe hii inapopata akili yake, kwa sababu kukusanya ni kazi ya dakika kumi tu. Utamu uko katika kuchambua. "Kuvutwa na sumaku" si jambo la ndiyo au hapana, lina ngazi. Magnetiti huvutwa kwa nguvu, hata na sumaku dhaifu. Ilmenaiti, yenye chuma na titani, huvutwa kidogo, na garneti nyekundu vivyo hivyo. Kwatzi, pamoja na madini mengine ya mchangani kama zirikoni na rutaili, hazijali kabisa. Ukianza na sumaku nyeusi ya kawaida, kama ile iliyomo ndani ya spika kuukuu, utaondoka na magnetiti karibu tupu. Mabaki yale ukiyapitishia sumaku ya neodimiamu, zile zenye nguvu zilizoingia sokoni miaka ya 1980, utashangaa: chembe zilizojifanya hazisikii sasa zinaruka. Ndani ya mkupuo huo wa pili ndimo hupatikana garneti za rangi ya zambarau na ilmenaiti inayong'aa kama risasi ya penseli. Wengi huanza na sumaku kali, wakachanganya vyote, kisha wakalalamika kwamba mchanga wao ni mweusi tu hauna sura.

Kanuni ya kwanza ya vitendo: usiuguse mchanga kwa sumaku tupu. Niliwahi kufanya hivyo, nikamaliza jioni nzima nikibandua ndevu kwa utepe wa gundi, na bado zilibaki. Itie sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, zoa mchanga, sogea juu ya chombo, kisha ivute sumaku itoke mfukoni. Chembe zitadondoka zenyewe. Rudia mara tatu au nne ukitandaza kwenye karatasi, kwa kuwa ndevu zile hunasa chembe za kwatzi katikati yake. Mwisho osha kwa maji yasiyo na chumvi na ukaushe. Magnetiti yenyewe haitaota kutu kirahisi, maana tayari ni oksidi. Kinachoharibika ni sumaku, kwani maji ya chumvi yakipenya ganda lake la nikeli huila.

Sumaku za neodimiamu ziwekwe mbali na watoto, kwani mbili zikimezwa huweza kubana utumbo na kuutoboa. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye akae nazo mbali. Jingine ni sheria. Ziko pwani ambako kubeba mchanga ni kosa, kama Sardinia nchini Italia, na faini zake si mzaha. Uliza kwanza. Na kwa kuwa mchanga mzito wa baadhi ya fukwe huwa na monaziti yenye thoriamu, madini yatoayo mnururisho, kichupa hakina shida ila magunia chini ya kitanda si busara.

Utasikia pia kwamba vijiduara vyeusi vinavyong'aa ni vumbi la vimondo. Vimondo vidogo sana huanguka kweli duniani kila siku, lakini karibu na watu, vijiduara vingi vya namna hiyo ni cheche za kuchomelea vyuma au masizi ya viwanda. Usifurahi haraka.

Jaribio la mwisho halihitaji sumaku. Saga chembe chache kati ya vipande viwili vya kigae kisichopakwa rangi ya kung'aa. Unga wa magnetiti ni mweusi. Ukiwa mwekundu wa kahawia, umekutana na hematiti, oksidi nyingine ya chuma. Kisha chukua chembe ambazo hukuzisaga uziweke chini ya kioo cha kukuzia. Ukibahatika utaona umbo lake halisi: piramidi mbili zilizoungana kitako kwa kitako, pande nane. Zikiwa na kingo kali, mwamba wao wa asili huenda hauko mbali. Zikiwa zimeviringika kama mbegu za mtama, zimesagwa na mawimbi muda mrefu sana kabla hujafika na mfuko wako wa plastiki.