Wakili wa kesi kubwa ya mauaji ameukata?

Wengi huamini kwamba wakili akishasimama kwenye kesi ya mauaji iliyotikisa nchi, basi ameukata. Kwa kawaida sivyo. Tanzania na Kenya, mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupangiwa wakili kwa gharama ya serikali, na malipo yenyewe ni kiduchu; waendesha mashtaka nao ni watumishi wa mshahara. Kamera zikiondoka, wakili hurudi kwenye talaka, mirathi na migogoro ya viwanja. Kushindwa kesi, peke yake, hakumfutii leseni.

Ukitaka kuhakikisha, fungua hukumu kwenye tovuti ya mahakama. Mawakili hutajwa humo. Kisha tafuta jina hilohilo katika hukumu za miaka iliyofuata, uone kesi zake ni za nini.