MUD ya Texas sio kampuni ya developa

Wabongo na Wakenya wengi wanaonunua nyumba pembeni mwa Houston, kule Katy na Cypress, wanaambiana ile kodi ya MUD (Municipal Utility District, wilaya ya huduma za maji na maji taka) ni hela ya developa, yule anayeendeleza ardhi ijengwe nyumba, yaani mnamlipia faida yake kila mwaka. Hii kitu imesemwa miaka mingi na sio kweli.

MUD ni chombo cha serikali za mitaa kabisa, msingi wake ni katiba ya Texas, marekebisho ya 1917. Ardhi ikiwa tupu, nje ya mji, hakuna bomba wala mtaro, wenye ardhi wanapeleka ombi kwa tume ya mazingira ya jimbo, TCEQ, au bunge la jimbo linapitisha sheria ya kuiunda. Developa anatanguliza pesa zake kujenga maji, maji taka na mifereji ya mvua, halafu nyumba zikishasimama na kuanza kulipa kodi ndo MUD inauza hati fungani na kumrudishia gharama zinazokubalika, na TCEQ inakagua kwanza. Kwahiyo ndio, pesa inamfikia, ila kama deni la miundombinu, na mabomba yanabaki mali ya umma.

Kinachoniuma ni hiki, bodi ina wakurugenzi 5 na wanachaguliwa na wakazi, mikutano iko wazi, lakini watu hawaendi kwa sababu wameshaaminishwa ni ofisi ya mtu binafsi. Mwanzoni kweli wakurugenzi huwa watu walioletwa na developa, maana bado hakuna wakazi, ila mkishahamia kura ni zenu.