Thamoklaini: sakafu ya besi katikati ya ziwa

Aliyekulia kuoga maji ya ndoo anaijua thamoklaini hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Umechemsha maji, ukayamimina polepole juu ya maji baridi ya bomba, ukasahau kukoroga. Kopo la kwanza linakuunguza, la mwisho linakutoa ukelele. Ndoo ni moja, ila ndani yake mna maji mawili yasiyotaka kuchanganyika, na katikati yake pana mahali pembamba ambapo joto linaporomoka ghafla. Mahali hapo, ukipakuta ndani ya ziwa, ndiyo thamoklaini.

Neno hili alilibuni Edward Birge wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1897, alipokuwa akipima joto la Ziwa Mendota lililo mlangoni pa chuo hicho, mjini Madison. Kipimo chake cha zamani bado kinatumika: thamoklaini ni tabaka ambalo kila ukishuka mita 1, maji yanapoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi au zaidi. Siku hizi, hata hivyo, neno limehamia midomoni mwa wavuvi wa burudani wa Minnesota, Michigan na Ontario, hasa wale wanaowinda samaki aitwaye besi kwa kayaki, kimtumbwi chembamba cha kafi, miezi ya Julai na Agosti. Wana sababu. Mwenye boti ya injini anaweza kuzunguka ziwa zima asubuhi moja akibahatisha. Mwenye kayaki injini yake ni mabega, na kila kosa analilipa kwa kupiga kafi.

Besi ni samaki wa maji baridi, maana yake maji yasiyo ya chumvi, na asili yake ni Amerika Kaskazini. Wanaowindwa zaidi ni wawili. Besi mdomo mkubwa ni wa kijani, taya lake linapita nyuma ya jicho, na makao yake ni majanimaji na magogo. Huyu wavuvi wa Naivasha wanamjua, kwa kuwa aliletwa katika ziwa lao kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Besi mdomo mdogo ni wa kahawia, anapenda mawe na maji yenye ubaridi kidogo, na akinasa ndoana huruka nje ya maji kana kwamba amekasirishwa yeye binafsi.

Sasa tufuate mwaka wa ziwa la kaskazini. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4 hivi. Barafu ikishayeyuka majira ya kuchipua, ziwa lote hukaribia joto hilo, juu mpaka chini, na upepo hulikoroga bila taabu. Jua likizidi kukaza, maji ya juu yanapata joto na kuwa mepesi, yanaelea. Mwanzoni upepo bado unaweza kuyashusha. Kufika Juni tofauti ya uzito imekuwa kubwa mno, upepo unakoroga ghorofa ya juu tu, na chini yake maji yanabaki na ubaridi ule ule wa Aprili. Katika maziwa madogo mpaka huo mara nyingi huwa kati ya mita 4 na 9. Ziwa pana lililo wazi kwa upepo huuweka chini zaidi.

Hapa ndipo ushauri wa mtaani unapopotosha. Utaambiwa: joto likizidi, samaki hukimbilia kina kirefu, kwa hiyo shusha chambo mpaka chini. Kuna nusu ya ukweli humo, na nusu hiyo ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Maji ya ghorofa ya chini yamefungiwa. Hayakutani na hewa, na aghalabu mwanga haufiki wa kutosha kwa mimea kutengeneza oksijeni. Wakati huo huo mabaki ya majani na vijidudu vinavyokufa juu vinanyesha humo na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Katika ziwa lenye rutuba nyingi, lile la maji ya kijani lililozungukwa na mashamba, kufika Agosti chini hakuna cha kuvuta pumzi. Ukishusha chambo mita 12 katika ziwa ambalo thamoklaini yake iko mita 6, unavua makaburini.

Kwa hiyo thamoklaini ni sakafu. Besi anaweza kushuka mpaka karibu nayo ili kuepa joto na mwanga, akasimama hapo akingoja samaki wadogo, lakini mara chache ataipita. Maziwa ya maji maangavu yenye miamba, kama mengi ya Ontario, yana hali tofauti: chini hubaki na oksijeni kiangazi chote, na huko huishi trauti wa ziwani apendaye baridi. Hata hapo besi huelekea kubaki juu, kwani maji ya nyuzi 6 yanampunguzia hamu ya kula.

Faida kwa mwenye kayaki ni kwamba ziwa linapungua. Ramani inaonyesha mita 20 za kina, naye anajua kwamba zinazomhusu ni 6 au 7 za juu. Hahitaji tena kupiga kafi kila mahali. Anatafuta pale ambapo sakafu hiyo ya maji inagusana na sakafu ya kweli: mteremko wa mawe, ncha ya rasi iliyozama, fungu linaloinuka kutoka kilindini na kilele chake kiko mita 4. Sona ndogo ya kayaki, kifaa kinachopima kilicho chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, humwonyesha thamoklaini kama utando wa ukungu uliolala usawa katikati ya kioo, ikiwa ameiongezea usikivu, kwa sababu mawimbi hayo hurudishwa hasa na vijidudu vinavyojazana hapo. Asiye na sona afunge kipimajoto kwenye mshipi wenye chubwi, ashushe mita moja moja, akisubiri kidogo kila mara. Ni kazi ya kuchosha, lakini mimi naiona ndiyo njia bora ya kujifunza, maana mkono unakumbuka kuliko kioo.

Asidhani hata hivyo kwamba sakafu hii imetulia. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili mfululizo, unasukuma maji ya moto yakarundikana ufuko wa mashariki. Huko ghorofa ya juu inanenepa na thamoklaini inashuka. Upande wa magharibi inapanda. Upepo ukikoma, tabaka zima linarudi, linapitiliza, linarudi tena, kama maji ya karai lililobebwa kichwani na mtoto. Kuyumba huko hufanyika ndani kwa ndani wakati uso wa ziwa umelala kama kioo. Aliyeweka alama ya mita 6 Ijumaa asishangae Jumapili kukuta 8.

Mvuvi wa Kigoma akisikia haya hatashangaa sana. Ziwa Tanganyika lina mgawanyiko wa aina hiyo mwaka mzima, ingawa kati ya juu na chini tofauti ni ya nyuzi chache tu. Maji yenye joto hubadilika uzito haraka zaidi kwa kila nyuzi kuliko maji baridi, kwa hiyo chache hizo zinatosha. Kati ya kina chake cha takriban mita 1,470, samaki wanaishi katika zile mita 200 za juu hivi. Upepo wa kusini wa kiangazi huinamisha matabaka hayo na kuinua maji yenye rutuba upande wa kusini wa ziwa.

Tofauti ni kwamba Tanganyika haligeuki lote. Mendota na wenzake wanageuka. Usiku wa Septemba unapoanza kuwa mrefu, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama kidogo kidogo na kuilia thamoklaini kutoka juu. Kisha, siku moja ya upepo, juu na chini vinalingana na ziwa lote linakorogeka. Maji yanakuwa machafu kwa siku kadhaa, pengine yananuka kama yai viza, na oksijeni inafika chini kwa mara ya kwanza tangu Mei. Kwenye sona ule utando wa ukungu umetoweka, besi wametawanyika kina chochote wapendacho, na mwenye kayaki anaanza kutafuta upya, safari hii akiwa amevaa glavu.