Boksi la mboga la mbao za dawa: yanayosemwa na yalivyo

Paini inayovushwa kutoka bara kuja Unguja na Pemba haidumu ardhini bila ya dawa; mchwa na unyevu wa masika huimaliza upesi. Ndiyo maana wanaotaka boksi la mchicha au tungule huelekea mbao za dawa, na hapo ndipo maneno huanza.

"Ubao wa kijani una sumu, uliopauka ni salama." Rangi haikwambii kitu. Ukijani ni wa shaba, na shaba imo katika dawa za zamani na za sasa pia. Cha kuuliza ni aseniki, ndiyo sumu yenyewe. CCA ni dawa ya mbao ya shaba, kromiamu na aseniki. Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, lakini kwengineko bado inatumika, hasa kwenye nguzo. ACQ na azoli ya shaba, dawa mpya za shaba, hazina aseniki. Muuzaji asipojua ni dawa gani, ihesabu CCA na usipande mboga humo. Nguzo kuukuu ya umeme usiipasue kwa kazi hii hata ukipewa bure: ile nyeusi huwa na kreosoti, dawa ya mafuta ya lami, na iliyopauka kwa jua bado ina dawa yake ndani.

"Sumu hupanda mpaka ndani ya tungule." Aseniki inayovuja hukaa zaidi kwenye udongo ulio karibu na ubao, na tunda hupokea kidogo mno. Hatari kubwa ni udongo unaoshika kwenye majani ya mchicha na ngozi ya karoti. Mwenye boksi la zamani aache shibiri moja kutoka ubaoni, aoshe majani vizuri na amenye mizizi.

"Oili chafu ni dawa ya bure." Hii ndiyo mbaya kupita zote. Haipenyi, hubaki juu, mvua ikaishusha kwenye udongo pamoja na metali na masizi ya injini, mengine ya kusababisha saratani. Mchwa naye hupitia ufa wa kwanza.

"Vipande vilivyobaki ni kuni." CCA ikiungua, aseniki nyingine hupanda na moshi na nyingi hubaki kwenye majivu, majivu yale yale tuliyozoea kumwaga kwenye mboga. Unga wa msumeno nao usiutandaze bandani kwa kuku.

"Ukishakuwa wa dawa, ukate utakavyo." Dawa mara nyingi haifiki kwenye kiini, kwa hivyo kila ncha iliyokatwa ni mlango wa mchwa, ipake dawa ya shaba mara mbili. Afadhali kukata kidogo. Boksi la futi 8 kwa 4, kimo futi 1, linatoka kwenye mbao nne za inchi 2 kwa 6 zenye urefu wa futi 12: kila moja ikate futi 8 na futi 4, panga safu mbili, hakibaki kipande. Nguzo za boksi ni sita za inchi 2 kwa 4, nne za pembeni na mbili katikati ya pande ndefu, maana udongo uliolowa husukuma ubao ukatuna. Zikate inchi 11 ili zisiguse ardhi. Skrubu za inchi 3 na nusu, zilizochovywa zinki: shaba ya dawa mpya hula chuma kitupu, na upepo wa bahari humalizia.

"Tandika nailoni boksi zima." Itandike kwenye pande tu. Chini paachwe wazi, hata kwenye ardhi ya mawe kama Makunduchi au Micheweni, la sivyo maji hutuama na mizizi huoza.

"Mchanga wa pwani unatosha kujazia." Una chumvi na chokaa, mboga hukosa chuma, majani yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani. Weka ndoo 36 za lita 20 za udongo na 18 za samadi iliyooza. Boksi hujaa kwa ndoo 45, lakini mchanganyiko hushuka. Makumbi ya nazi ukitaka kuyachanganya yaroweke kwanza, na maji yake usiyamwage kwenye mche.